Kaa Juu ya Duara, Mwanangu

Baba, shikamoo.

Hiyo ni ya Kabula binti yako. Iitikie haraka, kwa sababu kuanzia mstari unaofuata anayeandika ni Kabula mama yako.

Mwanangu,

Nimekaa chumba cha nyuma, dirisha liko wazi na jua bado halijazama. Wewe uko uani na mama, mnabishana kuhusu begi. Yeye anataka ubebe blanketi mbili, wewe unataka moja. Nakusikia unasema "moja," unapumua, halafu unamalizia, "inatosha." Mama anajibu kwamba alfajiri ya machimboni Mwakitolyo ina baridi na yeye hakuolewa na jiwe. Nacheka peke yangu hapa, na mwandiko wangu unakimbia hovyo kama unavyouona. Kesho unaondoka! Tangu asubuhi nafanya kazi nikiwa nusu nacheza. Nimefagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nimewapa kuku maji mpaka wakanishangaa.

Mtu mwingine akiiokota barua hii atadhani nimechanganyikiwa. Msichana amemaliza kidato cha nne juzi tu, matokeo hayajatoka, naye anamwita baba yake mwanangu! Acha nimweleze. Nilipozaliwa ulinipa jina la mama yako, Kabula, aliyekuwa ameshafariki. Kwetu Wasukuma mtoto aliyebeba jina la bibi ni bibi mwenyewe amerudi, kwa hiyo tangu nikiwa mgongoni wewe unaniita mayu, yaani mama. Mama naye ananiita mkwe. Nikiunguza mboga anasema, "Leo mama mkwe ameamua kunitesa." Baba mkubwa Shija, kaka yako, akifika hapa huinama mlangoni na kusema, "Mayu, wanao tuna njaa." Wote mnacheka, na mimi natamani kuingia chini ya kitanda. Mimi niliyeona haya hata kuitikia jina langu darasani, unadhani nilijisikiaje mwanaume mwenye ndevu akiniita mama mbele ya wageni?

Lakini ulipougua, utani ule ukageuka kazi. Nimekushika mkono ukijifunza kunyanyua kikombe. Nimekufundisha kusema "chumvi." Sasa unatoka nyumbani, na mimi nina moyo wa mama kabisa, unapiga kwa furaha na kwa hofu kwa pamoja.

Mambo ya vidonge sitayagusa. Mama amekwambia tangu wiki iliyopita, hata jogoo wetu anajua unameza nini asubuhi na nini jioni. Kula, kufua, kulala mapema, hayo yote ni ya mke wako. Mimi nataka kukusimulia habari zako mwenyewe. Wewe hukumbuki mengi, na huko unakokwenda wapo watakaokusimulia kwa namna yao.

Ulirudi kutoka Mwakitolyo na mafua mazito na kikohozi kikavu. Siku zile karibu kila nyumba ilikuwa na mtu anayekohoa, na wengi hawakupenda kulitaja jina la korona, walisema mafua tu. Mama aliunguza dagaa, moshi ukajaa hadi kwa jirani, nawe umekaa hatua chache kutoka jikoni unauliza kwa nini chakula kinachelewa kuiva. Hukusikia harufu hata kidogo! Tulicheka sana. Baadaye kikohozi kikaisha, ukaanza kutafuta buti zako urudi kazini. Ndipo kichwa kikaanza kuuma.

Ukilala kinazidi. Ukiinama kufunga kamba za buti kinazidi. Siku moja ulinitazama ukasema, "Mayu, mbona leo mmekuja wawili?" Nilidhani unatania. Sisi tukafanya kile tulichokijua, tukakufukiza. Sufuria ya mwarobaini, mchaichai na majani ya mkaratusi, blanketi juu, na kichwa chako kinachouma tumekiinamisha juu ya mvuke, asubuhi na jioni. Ulikuwa unatoka humo umelowa jasho, unatapika hata yale maji kidogo uliyokunywa, na sisi tunafurahi tunasema ugonjwa unatoka. Kumbe kilichokuwa kinatoka ni maji ya mwili wako.

Asubuhi moja ulianguka pale uani. Mkono wa kulia ulianza kuruka, kisha mwili mzima. Ulipotulia, mkono ulikuwa umelala kama wa mtu mwingine. Ulifungua mdomo kuniita, ikatoka sauti tu, haina neno ndani yake. Mama alikuwa ameenda mashineni kusaga. Nilikimbia kumwita baba mkubwa Shija, naye akaja na Maduhu, rafiki yako mliyechimba naye duara moja, yaani shimo moja la dhahabu, aliyekuwa amepita kukusalimia, pamoja na mchimbaji mwingine.

Maduhu alikuangalia, akavua kofia.

"Shija, nisikufiche. Kule machimboni wanasema mdogo wako alichukua ndagu."

Nilijua ndagu ni nini. Ni dawa ya utajiri ambayo mtu hupewa kwa masharti, akiyavunja inamgeuka.

"Nani anasema?" baba mkubwa akauliza.

"Wote. Duara letu lilitoa dhahabu mno msimu uliopita. Mawe yalikuwa yanamfuata yeye tu. Mimi nachimba pembeni yake napata vumbi."

"Wewe unapata vumbi kwa uvivu wako. Sharti lake lilikuwa nini?"

"Mwulize mwenyewe."

"Nimwulize! Huoni hasemi?"

"Si ndiyo dalili yenyewe, kaka? Ikikugeuka inafunga mdomo."

Ulikuwa unawasikia, mwanangu. Niliona macho yako. Wanakusingizia na huna neno la kujitetea. Ukanyanyua mkono wa kushoto, ule mzima, ukanyoosha kidole kuelekea kona ya nyumba, chini ya upenu.

"Anaonyesha!" Maduhu akaruka. "Ameizika pale!"

Watu wa mahali pengine wangeparuaparua ardhi kwa jembe, wakachoka, wakaacha. Hawa walikuwa wachimbaji wa Mwakitolyo. Walivua mashati. Walipima kwa hatua, wakausogeza mtungi wa maji uliokuwa pale ili usiwazuie, wakaanza duara. Shimo halisi la dhahabu, kuta zimenyooka, mmoja ndani anachimba, mwingine juu anapokea udongo kwa ndoo! Ukinyoosha kidole tena, Maduhu anapiga kelele, "Zidisheni, tumekaribia!" Kuna wakati aliokota jiwe, akalilowesha kwa mate, akaligeuza juani. Alisahau kabisa kilichomleta.

Mama alifika na unga kichwani.

"Mnachimba nini kwangu?"

"Shemeji, tunatafuta ndagu."

"Basi mkimaliza lipanueni liwe kaburi, maana mume wangu anakufa hapa mnamwona!"

Na palepale ukaanza kutetemeka tena. Mama akautupa unga, akakulaza ubavu, akanigeukia. "Kabula, barabarani! Leta gari!"

Unanijua. Sikuwahi kumpungia mkono hata mwenye baiskeli. Nilifika barabara ya Kahama, nikasikia gari linakuja, nikajaribu kuita, sauti haikutoka. Basi nikaingia katikati ya barabara, nikatanua mikono, nikafumba macho. Gari lilisimama karibu nami hadi nikasikia joto la injini kwenye magoti.

"We binti, una wazimu? Unataka kufa?" dereva akafoka.

"Baba yangu," nikasema. Sikuwa na neno jingine.

Alishuka akanifuata bila kuuliza zaidi. Hospitali ya wilaya walikupa dawa ya kuzuia degedege, wakakuandikia rufaa, na gari la wagonjwa likatupeleka Mwanza. Huko wakakupiga picha ya kichwa. Daktari, dada mwembamba mwenye sauti ya upole, alimwuliza mama swali ambalo hakulitegemea. Hakuuliza habari ya kichwa. Aliuliza, "Kabla ya haya, aliugua mafua makali? Alipoteza kusikia harufu?"

Mama akakumbuka dagaa, akaanza kulia.

Daktari alituambia kwamba korona ikimpata mtu, wengi hupona wakaendelea na maisha, ila kwa wachache damu huganda kwa urahisi hata baada ya kikohozi kuisha. Yako iliganda ndani ya mshipa unaotoa damu kwenye ubongo na kuirudisha moyoni. Kukosa maji mwilini huongeza hatari hiyo. Walikuchoma sindano za kuzuia damu isiendelee kuganda, halafu vidonge, na mwili wenyewe ukaanza kulifungua lile donge polepole. Alisema tungechelewa zaidi kidogo tungekupoteza. Tangu siku hiyo kila jirani akiniambia kichwa kinamuuma, kinazidi akilala na macho hayaoni vizuri, mimi mwenye haya namwambia bila haya yoyote: nenda hospitali leo, usisubiri kesho.

Ulirudi nyumbani ukitembea, lakini maneno yalikuwa yamebaki njiani. Hapo ndipo nikawa mama yako kweli. Tulianza na vitu vya mezani. Ulijua kijiko ni kijiko, ulikuwa unakitazama kwa hasira, jina lake halikuja. Halafu siku moja tukipalilia karanga ukaanza kuimba! Wimbo mzima wa kulimia, wa Kisukuma, maneno yote, wewe ambaye asubuhi ulishindwa kusema "jembe." Niliangusha jembe lenyewe nikakimbia kumwita mama. Alikuja na mwiko mkononi, akasimama kwenye tuta, nawe ukaendelea kuimba kama hujaugua maisha yako yote.

Nilifanya kosa moja la haraka katika kukufundisha, nalo nataka ulijue kwa sababu watu wengine watakufanyia hivyohivyo. Ukikwama kwenye neno, nilikumalizia. Ukisema "ma," mimi "maharage!" Niliona ni upendo. Mtaalamu wa mazoezi kule kliniki alinisikiliza, akaniambia, "Mdogo wangu, unamnyang'anya. Nyamaza umsubiri." Kunyamaza, mimi! Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote, na nilikuwa naiacha wakati inahitajika. Nikajifunza kukutazama usoni na kusubiri, hata kama uji unapoa, hata kama mgeni anajikuna kwa aibu. Na neno likaja. Kila mara likaja, wakati mwingine limepinda, lakini lilikuwa la kwako. Ukikutana na mtu wa kukumalizia, usimkasirikie. Mwinulie kiganja, asubiri.

Nami nimepata kitu kutoka kwako. Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa kando ya njia ya kisimani kufanya mazoezi ya salamu? Ulisema "mwangaluka" kwa kila mama aliyepita na ndoo, saa nyingine jua likiwa limeshaelekea kuzama, na kwa Kisukuma hiyo ni salamu ya asubuhi. Wengine walicheka. Wewe ulicheka pamoja nao, ukawasalimu tena. Nilikuwa nakaa pembeni yako nikiona haya kwa niaba yako, mpaka nikagundua kwamba wewe huoni haya yoyote. Siku moja nikasalimu mimi kwanza, kwa sauti. Dunia haikupasuka. Mwaka huo huo nikanyoosha mkono darasani, mwalimu akadhani naomba ruhusa ya kutoka nje!

Ulipoanza kupata maneno ya kutosha, nilikuuliza siku ile ulikuwa unaonyesha nini pale upenuni. Ulifikiri muda mrefu. Nikasubiri. Ukasema, "Mtungi. Ki-u."

Ulikuwa unaomba maji! Wanaume watatu wazima wakausogeza mtungi wenyewe ili wachimbe vizuri. Mama alicheka hadi akakaa chini, halafu kicheko kikageuka kilio, halafu kikawa kicheko tena. Baba mkubwa Shija alilifukia lile shimo kwa mikono yake, na tangu hapo akija hapa kitu cha kwanza anakupa kikombe cha maji, hata kama unacho kingine mkononi.

Maduhu alichukua muda zaidi. Alipokuja msimu wa kuvuna ulimkalisha chini ukamweleza, na mimi nilikuwa namenya mihogo karibu.

"Ma-duhu. Pampu ya duara. I-kiziba?"

"Maji yanajaa."

"Na kuta?"

"Zinalainika. Zinaporomoka."

Ukagusa kichwa chako. "Hivyo. Si ndagu. Pampu."

Aligeuka akatazama pale palipokuwa na shimo. Halafu akasema, "Kwa hiyo mimi nilichimba bure?"

"Bure."

"Na siku ile mliondoka bila hata kunikaribisha ugali."

Mlicheka mkapigana mabega. Alirudi Mwakitolyo akawaeleza wenzake, na ndiye aliyekutafutia kazi unayoiendea. Fundi wa pampu na mashine ya hewa! Utakaa juu, mlangoni mwa duara, ukisikiliza injini. Watu walio chini watavuta hewa kwa sababu wewe uko macho. Nikiwaza hivyo nasikia kama nitapaa.

Sasa, mwanangu, neno langu lenyewe. Ni moja tu.

Usishuke.

Daktari amekuruhusu kufanya kazi. Hakukuruhusu kushuka duarani kwa kamba. Alisema lile kovu kwenye ubongo linaweza kuamsha degedege siku yoyote, hata ukimeza dawa zako vizuri. Ikikupata juu, utalala ubavu, utaamka, utapangusa vumbi. Ikikupata katikati ya kamba, hatutakuwa na cha kusubiri. Najua ulivyo. Nimekuona ukitembea shambani ukiokota mawe na kuyapima kwa kiganja. Najua watakuita mjusi, unaota jua wakati wanaume wako chini. Najua pia atakuja mtu na habari kwamba mwamba wa dhahabu umeonekana na macho yako tu ndiyo yanaweza kuusoma. Hapo ndipo ninapokuogopea. Giza halikutishi na kina cha shimo hukiogopi. Unachokiogopa wewe ni kuonekana mgonjwa. Mimi nimeishi na woga wa macho ya watu maisha yangu yote, kwa hiyo nakwambia kama mtu anayeujua: unapita. Unachoma masikio, halafu unapita, nawe bado upo.

Nilikuwa nimefika hapo nikaacha kuandika, kwa sababu simu yako imelia uani. Umeweka sauti ya nje kama kawaida yako, na dirisha liko wazi, kwa hiyo nimesikia yote. Nakuandikia nilichosikia ili kikae kwenye karatasi.

Alikuwa Maduhu, anapumua kama aliyekimbia. "Baba Kabula! Mwamba umeonekana leo! Mweupe, una mistari, njoo uone mwenyewe. Mwenye duara anasema kesho ukifika ushuke mara moja tu uusome, halafu urudi kwenye pampu zako. Mara moja!"

Mama ameacha kukunja nguo. Mimi nimesogea dirishani.

"Ha," umesema. Ukakwama.

"Unasema 'haya'? Safi, nawaambia—"

"Sub-iri!" Umesema kwa nguvu, kuku wakatawanyika. "Hapana. Si-shuki. Kesho, wala siku nyingine. Nina degedege, Maduhu. Waambie wote. Leteni jiwe juu. Nitalisoma juani."

Maduhu akacheka kile kicheko chake cha puani. "Haya mzee. Tutakuletea jiwe kama tunavyomletea chifu. Ila tukikuita mjusi usinune."

"Mjusi," umesema, "anaishi sana."

Mama amepiga kigelegele. Na mimi, sijui kimetokea wapi, nimetoa kichwa dirishani nikapiga changu, kirefu, majirani wakachungulia, na sikurudi ndani. Mmenitazama wote wawili midomo wazi.

Sasa nimerudi kwenye karatasi, mwanga unaisha. Nasikia unamwuliza mama basi la Kahama linapita saa ngapi. Umeuliza mara moja tu, na amekuelewa.

Mama yako,
Kabula